Gesualdo, Marehemu wa Kila Filamu

Ukikutana na Gesualdo Tropiano mara ya kwanza, mkono wako utaenda wenyewe kwenye pochi. Nimeishi nyumba inayopakana na yake tangu nilipoolewa, na mpaka leo akichungulia ghafla saluni kwangu moyo unaruka na mkasi unaanguka. Nyusi zake zimeungana, shingo hana, na kovu linaanzia chini ya jicho la kushoto mpaka kidevuni. Wageni wanadhani ni la kisu. Ni la kopo la nyanya, jamani! Alikuwa mtoto wa miaka minne, akapanda meza ya jikoni kulamba mchuzi wa Jumapili, akateleza, akaangukia kopo lililokuwa wazi. Mama yake, Bi Nunziata, alimfunga uso kwa taulo, akamkimbiza hospitali akashonwa, akarudi akaendelea kukoroga mchuzi, kwa sababu wageni walikuwa njiani.

Kazi yake ni kuuza samaki sokoni Mtaa wa Tisa, hapa Filadelfia Kusini. Ana sauti ndogo, anawapunguzia bei wajane, na akikuuzia kaa anakuomba radhi wewe na kaa. Msimu wa Krismasi ndio humtesa. Mkesha wake sisi hatuli nyama, tunakula samaki, na mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, lazima awe mezani, naye huuzwa akiwa hai. Gesualdo hajapata kuchinja hata mmoja. Anasimama mbele ya ndoo, kisu mkononi, anafuta macho kwa aproni.

"Mama, ananitazama."

"Sogea," anasema Bi Nunziata, ambaye kichwa chake kinafika usawa wa mizani, na kazi inakwisha kabla mteja hajafungua mkoba.

Huyu ndiye mtu ambaye watu wa sinema walimwona wakashangilia: muuaji!

Nchi nzima wakati ule ilikuwa na homa ya sinema za mafia. Bwana mmoja mwenye skafu alikuja sokoni kununua ngisi, akainua macho akauona ule uso, akasahau ngisi. Tangu siku hiyo, kila walipopiga picha kati ya hapa na New York walimwita Gesualdo, na kila walipomwita walimuua. Walimpiga risasi kwenye kiti cha kinyozi. Walimnyonga kwenye kibanda cha simu. Walimtia ndani ya buti ya gari, humo akapitiwa na usingizi wa kweli, nao wakamsahau wakaenda kula. Safari moja walimuua uso ukiwa ndani ya sahani ya makaroni, akanung'unika wiki nzima. Kufa hakukumkera. Kilichomkera ni kwamba makaroni yenyewe yalikuwa yamechemshwa yakawa uji. Na kusema, hakusema hata neno. Walimmaliza kabla hajafungua mdomo.

Akirudi nyumbani mazungumzo yalikuwa yale yale, nami niliyasikia kupitia ukutani, maana nyumba zetu zimebanana na masikio yangu ni mazima.

"Wamekuua tena?"

"Wameniua, Mama."

"Umefanya nini safari hii?"

"Sijui, Mama. Hawakuniambia."

"Kula."

Mtaa mzima ulikuwa unakwenda kumtazama akifa. Tulimpigia makofi, tulimpigia kelele, "Angalia nyuma yako, Gesualdo!" na watu wa viti vya nyuma walitutukana. Bi Nunziata hakwenda hata siku moja. Alikuwa ameapa mbele ya sanamu ya Mtakatifu Rita kwamba hataingia jumba la sinema mpaka mwanawe atakapofika mwisho wa picha akiwa mzima.

Alikuwa na sababu, wala haikuwa ukaidi wa uzeeni. Baba yake alikuwa mwokaji mikate mtaa huu huu, enzi za Mkono Mweusi, wahuni waliowanyonya watu wao wenyewe walioshuka nao kwenye meli moja. Matajiri wa mjini hawakuguswa, matajiri walikuwa na polisi. Walioguswa ni muuza barafu, mshona viatu, mwokaji. Siku yule mzee alipokataa kuwapa chochote, walimvunja mkono wa kulia kwa mti wake mwenyewe wa kusukumia unga. Alikanda mikate kwa mkono mmoja mpaka alipokufa, na Nunziata, binti mdogo, ndiye aliyekuwa mkono wa pili. Baadaye zikaja pombe za magendo, ikaja bahati nasibu ya uchochoroni, wajukuu wa wahuni wale wakawa waheshimiwa. Halafu sinema nayo ikaja ikawavika suti na kuwapigia fidla. Mimi sinema hizo nazipenda, sitadanganya, zikiisha nalia na leso yangu. Lakini nikimkumbuka Nunziata mdogo na unga wake, naona haya.

Tena sinema zenyewe ziliwaharibu wahuni wetu. Kabla ya hapo mkubwa wa genge mtaani alikuwa mzee aliyevaa suruali ya kulalia na ndala, akinywa kahawa mlangoni na kulalamikia tumbo. Watu walimwogopa na ndala zake. Akafa, akaja mpwa wake, Nello Cascio, naye Nello alikuwa ameziona filamu zote. Akaanza kutundika koti mabegani mwezi wa Julai. Akaanza kunyoosha mkono abusiwe pete, jambo ambalo mtaani kwetu lilikuwa la askofu peke yake. Akaanza kunong'ona kwa sauti ya kukwaruza. Mimi nilidhani ana mafua, nikampelekea supu ya kuku.

"Ersilia," akaniambia, "hii ndiyo sauti yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

Mwaka ninaousimulia, daktari alikuwa amemwambia Bi Nunziata kwamba macho yake yanafunga duka. Yeye alisema anaona vizuri tu, ni taa za siku hizi ndizo mbovu. Krismasi iliyokuwa imepita alijikata kidole akichinja mkunga, akasema kisu kile hakina adabu. Lakini siku moja nikimfunga roli za nywele, mwanawe amesimama pembeni akimsubiri, alimwambia: "Gesualdo, mimi nataka nikuone umebaki hai mara moja tu, kabla haya hayajafunga." Akagusa kope zake. Gesualdo akatoka nje akakaa kwenye ngazi. Mtu mzima, na ule uso wa kutisha, machozi yanashuka yakifuata njia ya kovu. Niliumia sana kumwona.

Basi, Septemba ile ile, sinema ikaja yenyewe mpaka mtaani kwetu.

Walikuja asubuhi na malori, na kosa lao la kwanza ni kwamba waligusa viti. Hapa kwetu ukitoka na gari unaacha kiti cha jikoni barabarani kushika nafasi yako, na hakuna wa kukigusa kile kiti, hata Nello. Vijana wa sinema walivikusanya vyote wakavipanga ukutani mithili ya harusi. Wanawake tulitoka na mafagio. Bi Nunziata hakugombana na mtu. Alikwenda ukutani, akapapasa viti mpaka akapata chake, akakirudisha pale pale, akaketi juu yake katikati ya barabara, mkoba mapajani.

"Bibi, hapa tunapiga picha," kijana mmoja akamwambia.

"Pigeni. Mimi nimekaa."

Mwongozaji wa filamu aliitwa Bwana Whitcomb, mtu wa California, mrefu, mpole, anayetafuna karoti mbichi siku nzima kana kwamba amekatazwa chakula. Alimtazama bibi, akatazama saa, akaamua kumzunguka tu na kamera. Gesualdo alikuwa amevaa suti ya mlinzi wa mkubwa wa genge, na kofia. Nilimwona anamwendea mwongozaji huku anapindapinda vidole.

"Bwana, nina ombi. Safari hii naomba nisife."

"Kwa nini?"

"Mama."

Bwana Whitcomb akatua karoti. Hakuwa mtu mbaya. "Rafiki yangu," akasema, "uso kama huo watu wanalipa kiingilio ili waone unakufa. Ukibaki hai watadai warudishiwe."

"Sawa, bwana," akasema Gesualdo. Ndivyo alivyo. Hata kaa wakimfinya huwaambia sawa.

Picha yenyewe ilikuwa ya mazishi. Don mkuu amekufa, gari la maiti linakata kona kutoka kanisani, waombolezaji wamejipanga pande zote mbili. Mlinzi, yaani Gesualdo, amesimama ukingoni mwa barabara karibu na lile shimo letu ambalo manispaa imeahidi kuliziba tangu mimi ni mwari. Gari la maadui linapita, linamfyatulia risasi, anaanguka, jeneza linampita. Mwisho wa filamu. Waombolezaji walikuwa wanaume wetu wa mtaani, kwa sababu kila mmoja ana suti nyeusi yake na huzuni yake tayari. Nello alijipeleka mwenyewe. Alimwambia mwongozaji atamfundisha namna sisi tunavyosimama kwenye mazishi, akawekwa mstari wa mbele, koti mabegani.

Gari la maiti lilikodishwa kwa Di Lullo, ambaye amezika watu wa mtaa huu wote, na baba yake kabla yake. Aliliendesha mwenyewe, maana hamwachii mtu usukani. Ndani mlikuwa na jeneza zuri la mti wa mwaloni, na ndani ya jeneza hamkuwa na kitu.

Mtu wa California angejuaje? Gari la maiti lenye maiti kwetu si shida. Unapiga ishara ya msalaba, unapita zako. Lakini gari tupu linatafuta abiria. Likikukuta umezubaa, litakurudia. Kwa hiyo linapopita, sisi wanawake tunagusa chuma chochote kilicho karibu. Wanaume hugusa chao, cha chini ya mkanda.

"Haya, anza!" akasema Bwana Whitcomb.

Fidla ikalia. Gari likakata kona, jeusi, linang'aa, tupu. Wa kwanza kujishika alikuwa Nello. Akafuatwa na kinyozi, akafuatwa na muuza jibini, na mstari mzima wa wanaume wenye huzuni ukajishika pale, kulia na kushoto, mpaka aliyevikwa kanzu ya padri, ambaye ni fundi bomba. Gesualdo alijishika kwa mikono miwili.

"Kata! Kata! Kata!" Mwongozaji alitoka nyuma ya kamera karoti ikiwa mdomoni. "Wanafanya nini hawa? Kwa nini wote? Kwa nini kwa pamoja?"

Mimi nilikuwa nimeshikilia mlingoti wa taa, nikicheka nisiweze kusimama. Di Lullo akashusha kioo, akamweleza taratibu, maana yeye ni mtu wa heshima. Bwana Whitcomb akasikiliza, akavua miwani ya jua, akaivaa tena.

"Waungwana," akasema, "nawaomba. Mikono chini. Ni gari tu."

Wakaahidi. Gari likarudi nyuma, likaja tena. Mikono ilikuwa chini, inawawasha, lakini chini. Maadui wakapita, bunduki ikalia, Gesualdo akaanguka vizuri sana, kifo cha mtu mwenye uzoefu, jicho moja wazi. Gari la maiti likasogea, likapita karibu kabisa na kichwa chake. Na hapo, mbele ya kamera, mkono wa marehemu ukaanza kutambaa. Ulitambaa kwenye lami, ukapanda kwenye koti, ukashuka kwenye mkanda, ukafika. Jicho bado liko wazi, mtu amekufa, mkono umeshika.

Hata wapiga kamera walikaa chini kwa kicheko.

"Samahani, bwana," akasema Gesualdo kutoka lamini. "Lilipita karibu mno."

Mara ya tatu wakashauriana wao kwa wao, wakaona suluhisho ni kutia mikono mifukoni na kushikia humo humo kimyakimya. Gari lilipokuja, makoti yote yakavimba kwa mpigo mmoja, na kijana aliyekuwa anacheza adui akadhani waombolezaji wanatoa silaha, akaacha bunduki yake ya bandia akakimbia.

Bwana Whitcomb akaketi ukingoni mwa barabara. Polisi walikuwa wamempa mtaa mpaka adhuhuri, na jua lilikuwa tayari juu ya mnara wa kanisa. Nilimwonea huruma. Akamuuliza Di Lullo kama wakitia mfuko wa mchanga ndani ya jeneza itasaidia.

"Gari litajua," akasema Di Lullo.

"Tukitia mtu?"

"Mtu ni abiria. Likishapata abiria halitafuti tena. Wote watasimama kama malaika."

"Basi nani ataingia?"

Hapo kila mwanamume akakumbuka mgongo wake unaouma. Fundi bomba akasema kanzu ya padri hairuhusu. Nello akatazama saa ya dhahabu akasema ana kikao. Mwongozaji akamgeukia Gesualdo, kwa sauti ya kubembeleza: "Wewe umezoea kufa."

Gesualdo akawa mweupe, kovu likawa jekundu. Lakini kama nilivyokwambia, yule hajui kukataa. Akavua kofia. "Sawa, bwana," akasema, akaanza kwenda kwenye gari.

"Simama hapo hapo!"

Ilikuwa Bi Nunziata. Aliinuka kwenye kiti chake cha jikoni, mkoba mkononi, akatembea polepole kuelekea sauti ilikotoka, sisi tukampisha njia.

"Hakuna mtoto wangu anayelala kwenye kisanduku hicho. Nitaingia mimi."

"Mama!"

"Nyamaza. Gari hili mimi nalisubiri tangu alipokufa baba yako. Acha nione kama godoro lake ni laini, au Di Lullo anatudanganya miaka yote hii."

"Ni pamba safi, Bi Nunziata," Di Lullo akasema, ameudhika.

"Tutaona. Wewe, mrefu!" Alimaanisha mwongozaji, ingawa uso aliugeuzia upande wa nguzo ya taa. "Nitakulalia humo mara nyingi utakavyo. Lakini mwanangu asife. Afike mwisho wa picha amesimama kwa miguu yake, na nikuone unaapa."

Bwana Whitcomb akatazama jua. "Bibi, hadithi inahitaji mtu afe. Mazishi bila risasi watu hawatanielewa. Asipokufa yeye, nitamuua nani?"

Sijui nani alianza. Najua tu kwamba vichwa vyote vya mtaa, upande wa kulia na upande wa kushoto, viligeuka polepole vikamtazama Nello.

"Mimi?" Ile sauti ya kukwaruza ikapotea, ikatoka sauti yake ya utotoni, nyembamba. "Mimi nife? Hapa? Mbele za watu? Watu watasema nini?"

"Watasema asante," akajibu Bi Nunziata.

Mtaa ulicheka mpaka njiwa wakaondoka juu ya paa. Nello akageuka huku na huku kutafuta wa kumtisha, na kila aliyemtazama alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Mtu gani utamtisha katika hali ile? Akavua koti mabegani. Nafikiri pia, moyoni, alitaka. Mtu aliyetazama filamu zile zote hawezi kukataa kufa ndani ya moja.

"Nife taratibu," akamwambia mwongozaji, "na nianguke upande wangu mzuri."

Bi Nunziata akanyanyuliwa akaingizwa kwa heshima zote. Alikataa mfuniko ufungwe sawasawa. Alikataa kuachana na mkoba wake, ambao ndani yake, mimi najua kwa sababu ulinukia, mlikuwa na mkate wenye pilipili hoho na mayai. Safari ni safari, alisema. Di Lullo akafunga mlango wa nyuma taratibu, akarudi kwenye usukani.

"Anza."

Gari likakata kona. Hakuna mkono uliosogea. Walisimama wima, vichwa chini, na baadhi yao walilia kweli, kwa kuwa walijua aliyemo na walimjua tangu watoto, na ghafla waliona itakavyokuwa siku moja. Mimi nilinyamaza kucheka. Bunduki ikalia. Nello akafa. Alikufa kwa muda mrefu sana, akizunguka, akinyoosha mkono wenye pete, akiita watakatifu ambao hawakuwemo kwenye hadithi. Di Lullo ananiapia kwamba wakati huo alisikia kicheko kutoka ndani ya jeneza nyuma yake, akakaribia kulipandisha gari kwenye ngazi za nyumba za watu. Binti wa mwokaji alikuwa ameisikia risasi, akamsikia mjukuu wa wale wahuni wa Mkono Mweusi anavyopiga kelele.

Kazi ya Gesualdo sasa ilikuwa kusimama tu. Hakupewa la kufanya, hapakuwa na muda wa kumtungia. Lakini aliliona gurudumu la mbele linaelekea kwenye lile shimo, na ndani ya lile gari mama yake amelala bila kufungwa. Akasahau kamera. Akavua kofia, akashuka barabarani, akaweka kiganja kwenye kioo cha gari, akasema kwa ile sauti yake ndogo:

"Polepole. Kuna shimo."

Di Lullo akapunguza mwendo. Gesualdo akatembea pembeni ya gari, kiganja hakikutoka kwenye kioo, mpaka wakatoka nje ya picha.

Bwana Whitcomb alisema "kata" kama mtu aliye kanisani.

Baridi ikaja, ikapita. Gesualdo hakulala vizuri miezi yote ile. Watu wa sinema wanaweza kuapa leo na kesho wakakata wanachotaka, na yeye alikuwa na hakika watamuua kwa mkasi, huko California, asikokuwepo kujitetea. Na kule nyumbani mama yake alianza kumimina kahawa pembeni ya kikombe, akisema ni meza imepinda. Mkunga wa Krismasi ile tulimnunua akiwa ameshachinjwa.

Picha ilipotoka ilikuwa karibu Pasaka. Tulikwenda mtaa mzima, wa nywele za roli na wa vipara. Nello alivaa suti nyeupe, akawapa mkono watu mlangoni kama bwana harusi. Bi Nunziata alidai mstari wa mbele kabisa, ambako hukaa watoto, akaketi kichwa nyuma, mkoba mapajani. Gesualdo kushoto kwake, mimi kulia. Ilikuwa mara ya kwanza ya bibi kuingia humo maishani, na hakujua kwamba watu hunong'ona.

Risasi ya kwanza ikalia. "Huyo ni wewe?"

"Hapana, Mama."

Wakamtupa mtu mtoni. "Huyo?"

"Siyo mimi, Mama."

"Na huyo anayelia?"

"Huyo ni mwanamke, Mama."

Kila aliyekufa aliuliza, na kila mara Gesualdo alishika kiti mpaka kikalia. Mwisho ikaja fidla. Likaja gari la Di Lullo, ukumbi mzima ukapiga miluzi. Akaja Nello, akafa, ingawa kifo chake walikuwa wamekikata kikabaki kifupi kama kupiga chafya, nikamsikia nyuma huko akisema, "Hayo tu?"

Halafu kamera ikamsogelea Gesualdo. Ikasogea, ikasogea, mpaka uso ukajaza ukuta wote, mkubwa kuliko nyumba zetu mbili, kovu refu kama barabara. Akavua kofia. "Polepole," ukuta ukasema. "Kuna shimo." Ukatutazama kidogo, uko hai kabisa, kisha giza, kisha majina ya watu.

Tulisimama juu ya viti. Tulipiga kelele, tulikumbatiana, muuza jibini alinibusu na mke wake yupo. Hai! Gesualdo yuko hai! Nikainama kumwambia bibi, nikamkuta amekaa vile vile, kichwa nyuma, ukuta umeshakuwa mweupe na yeye bado anautazama.

"Mama," Gesualdo akamwambia, "umeona? Sikufa."

"Nimeona." Akaunyooshea ukuta kidole. "Umezeeka, Gesualdo."

"Mama?"

"Nywele zako zote nyeupe. Na hapa, chini ya macho. Tangu lini?"

Gesualdo akanitazama mimi. Nywele zile zilikuwa nyeupe miaka kadhaa. Nilikuwa nazikata mwenyewe, katika jiko lile lile, mama yake akiwa amekaa mkono mmoja kutoka kwetu akituambia anaona vizuri tu.

"Tangu zamani kidogo, Mama."

"Na hukuniambia."

Bi Nunziata akapapasa mkono wa mwanawe kwenye kiti, akaupata, akafungua mkoba, akamwekea mkate kiganjani na kumfunga vidole juu yake.

"Kula," akasema.